Mizani ya Langoni Marangu

Kwenye lango la Marangu la Mlima Kilimanjaro, kabla ya safari ya Mandara, Horombo na Kibo kuanza, mzigo unapimwa. Furushi linatundikwa kwenye mizani, namba inasomwa, na likizidi kilo 20 linafunguliwa lipunguzwe. Anayelibeba huku tunamwita mgumu. Neno mpagazi tumewaachia wenye vitabu. Mgumu mwenyewe hapimwi. Yeye hupimwa siku akivunjika, kwa asilimia, na kabla daktari hajamgusa kuna swali linalotangulia: una nini cha kuonyesha kwamba ulikuwa kazini?

Swali hilo ni la zamani mlimani. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer wa Leipzig na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Marangu inamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza. Kitabu cha Meyer kinamtaja msaidizi mwingine, Mwini Amani wa Pangani, na wanaochambua historia bado wanabishana Lauwo alifika wapi. Alitambuliwa rasmi miaka 100 baadaye, mzee mkongwe, katika sherehe za mwaka 1989. Hakuwa na hati yoyote. Kijiji kizima kilisimama kuwa shahidi wake.

Si wote waliobahatika kuwa na kijiji. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipoiteka Moshi mwezi Machi 1916, nyuma ya kila jeshi walikuwapo wapagazi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Kikosi chao, Carrier Corps, kimetuachia jina moja kubwa, Kariakoo ya Dar es Salaam, ambako leo watu hununua mitumba bila kujua kwamba wanatamka Kiingereza kilichopindwa.

Askari wa Mjerumani ndio waliokumbukwa, na hao pia kwa kuchelewa. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malimbikizo ya mishahara yao. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Mlipaji akachukua fagio, akampa kila mzee alishike kama bunduki, akatoa amri za kijeshi kwa Kijerumani. Hakuna aliyeshindwa. (Mzee anaweza kusahau jina la mjukuu, lakini sauti ya sajini haimtoki.) Hadithi hii husimuliwa kwa kicheko. Mimi huwa nawafikiria wapagazi, maana kubeba mzigo hakuna gwaride lake. Wangepewa fagio, wangeonyesha nini?

Sheria ya fidia kwa walioumia kazini ililetwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940, ikabaki vitabuni kwa jina la Sura ya 263. Aliyedaiwa ni mwajiri mwenyewe, au kampuni yake ya bima, hivyo aliyelipa ndiye aliyekuwa na sababu ya kusema hukuumia sana. Jedwali la sheria liliukata mwili vipandevipande na kuupangia asilimia: macho yote mawili 100, kidole kimoja tarakimu ndogo. Fidia ya ulemavu wa kudumu iliwekewa ukomo, na shilingi ikazidi kuporomoka wakati ukomo umesimama palepale. Hadi Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipopitishwa mwaka 2008, kiwango cha juu kwa aliyelemaa moja kwa moja kilikuwa sh 108,000, na kwa kifo sh 83,000. Kwa ujira wa sh 20,000 kwa siku, kiwango ambacho watetezi wa wagumu wamekipigania miaka mingi, sh 108,000 haifiki siku sita za mlimani.

Sheria mpya ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kukusanya michango ya waajiri Julai 2015 na kulipa mafao mwaka mmoja baadaye. Haya ni mageuzi ya kweli, wala sioni haya kuyasifu. Ulemavu wa asilimia 30 au chini yake hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi 30, ni pensheni ya kila mwezi. Basi asilimia moja ya daktari inamtenga mwenye fedha za kujengea banda la ng'ombe na mwenye kipato cha maisha. Tena goti linalompa karani asilimia chache humwondoa mgumu kwenye kazi yake yote. Asiyeridhika anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya, akaenda kwa Waziri, na mwisho Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ngazi zipo. Ila anayezipanda awe kwanza ametambuliwa kuwa mfanyakazi.

Hapo ndipo wagumu wengi wanapokwama. Wanaokotwa langoni asubuhi, kwa mdomo, kwa safari moja, kisha wanalipwa na kutawanyika. Mmoja wao akiteleza juu ya Horombo atateremshwa kwa machela ya gurudumu moja, na kampuni ikisema haimjui, jedwali lote la asilimia halina kazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamdhania kuwa mwajiriwa mtu anayefanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine au kwa vifaa vya mwingine. Kifungu hicho kingefaa kubandikwa pale langoni, kando ya mizani.

Nawe mgumu unayesoma haya, kabla hujajitwika andika jina la kampuni, la kiongozi wa msafara na tarehe, umwachie mtu nyumbani. Ukiumia, sema siku hiyohiyo mbele ya wenzako. Ajali isiyotolewa taarifa ndani ya miezi 12, haki yake hupotea.