Ubebekaji: Mezani, Mapajani, Mkononi

Mtu wa Ruangwa, mkoani Lindi, akikuambia barabara ya kijijini kwao inapitika, utamuuliza: kiangazi au masika? Kinyambuo hiki cha -ik- na -ek- ndivyo kilivyo. Chakula kinalika, mlango unafungika, barabara inapitika, na kila mara kuna sharti limejificha nyuma ya kitenzi. Neno ubebekaji limezaliwa humo humo: beba, bebeka, ubebekaji, kwa njia ile ile iliyotupa usomekaji. Katika habari za kompyuta ni sifa ya chombo kuchukulika kutoka hapa hadi pale na kuendelea kufanya kazi kule kilikofikishwa. Nusu ya pili ya maana hiyo ndiyo inayosahaulika dukani, ambako mnunuzi hukipima chombo kwa kukiinua tu.

Mwaka 1981 kampuni ya Osborne ya Marekani ilitoa kompyuta iliyotangazwa kuwa ya kubebwa. Ilikuwa na mpini, kioo cha inchi 5 na uzito wa karibu kilo 11. Betri haikuwamo. Ilibebeka kama cherehani inavyobebeka: unaihamisha, unaitua, kisha unatafuta umeme. Kwa ofisi za London au Chicago hilo halikuwa tatizo kubwa, maana soketi ilikuwa kila ukuta. Chombo hicho hicho ukikitua kitongoji cha ndani wilayani Nachingwea, ambako umeme haujafika au umefika na leo umekatika, umebeba mzigo tu.

Kiswahili cha Tanzania kimezigawa kompyuta hizi kwa mahali zinapokaa. Ya kwanza ni kompyuta ya mezani. Ya pili ni kompyuta mpakato, kutokana na kupakata, kitendo cha mama na mwanawe. Wakenya, ambao kwao kompyuta ni tarakilishi, wakaunda kipakatalishi. Ya tatu ni kishikwambi, na hata asiyewahi kukiona anasikia kushika ndani yake. Mtaani ni laptopu na tableti, na sina ugomvi na mtaa, ingawa tableti inagongana na vidonge vya duka la dawa.

Kishikwambi kilikuwa neno la kuchekwa hadi Sensa ya Watu na Makazi ya 23 Agosti 2022. Mwaka 2012 makarani walizunguka na madodoso ya karatasi. Safari hii waliingia vitongojini na vishikwambi, wakajaza majibu ya kaya papo hapo hata pasipo na mtandao, wakayatuma baadaye walipoupata. Kwa wiki kadhaa redio hazikuwa na neno jingine. Sensa ilipokwisha, Serikali ikavigawa vifaa hivyo kwa walimu, na neno likahamia shuleni pamoja na kifaa.

Mikononi mwa mwalimu ndipo ubebekaji unapopimwa kweli. Kishikwambi kina uzito wa takriban nusu kilo. Kinaingia kwenye begi la kawaida, kinapanda bodaboda, kinafika shuleni bila kishindo. Kwa kusoma muhtasari, kupiga picha za kazi za wanafunzi au kuwaonyesha ramani, kinatosha na kuzidi. Ila mpe mwalimu huyo kazi ya kuandaa azimio la kazi. Azimio ni jedwali: mwezi, wiki, mada, idadi ya vipindi, zana, rejea, maoni. Akigusa kisanduku ili aandike, kibodi inapanda kutoka chini na kumeza nusu ya kioo, safu za kulia zinatoweka, kidole kinagonga wiki ya tatu badala ya ya pili. Kuingiza taarifa za wanafunzi kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani nako kunahitaji macho makali na subira. Jioni utamkuta ameliandika azimio kwenye daftari, kishikwambi kikiwa pembeni.

Mwalimu huyu angefaa kuwa na kompyuta mpakato, tukiiacha bei. Ina kibodi ya vidole kumi, na uzito wake, kilo moja na nusu hadi mbili na nusu, haumshindi mtu mzima. Hapo ndipo sharti lililojificha linapojitokeza. Kishikwambi huchajiwa kwa wati 10 hadi 20, na paneli ndogo ya sola yenye tundu la USB inakimudu. Laptopu nyingi hutaka chaja ya wati 45 hadi 65, na za zamani hulazimisha kuwa na inverta, ambayo nayo hula sehemu ya umeme inaougeuza. Zile mpya zinazochajiwa kwa waya wa USB-C zimepunguza adha. Kwa hiyo anayeishi kwa sola asiulize kilo kabla ya kuuliza wati.

Kompyuta ya mezani haimo kwenye mashindano haya, na isidharauliwe kwa sababu hiyo. Chukua ushirika wa RUNALI, unaounganisha vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Msimu wa korosho mkulima anafikisha magunia kwenye ghala la chama chake cha msingi (AMCOS), yanapimwa, na jina lake linaingia kwenye orodha ya malipo pamoja na kilo na namba ya akaunti. Tangu msimu wa 2024 minada ya korosho imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Mhasibu anayehakiki orodha ya malipo ya namna hiyo anataka kioo kipana na kibodi yenye tarakimu upande wa kulia, na yeye haendi popote. Umeme ukikatika, UPS, yaani betri ya akiba, inampa dakika za kuhifadhi kazi. Pawasaplai ikiungua, fundi anaitoa na kuweka nyingine, wakati kishikwambi kilichopasuka kioo huenda kikangoja kipuri kutoka Dar es Salaam.

Vitu vizito Nachingwea imeviona. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao wa karanga, wakaleta matrekta na kujenga reli. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikaachwa. Vilibebeka, lakini havikuendelea kufanya kazi kule vilikofikishwa.

Tukirudi kwenye kompyuta, kuna aina ya nne ambayo kamusi haijaitaja, nayo ni laptopu iliyotumika, yenye betri iliyokufa. Zimejaa madukani, bei zake zinavutia, na wengi wanaoshuka Kariakoo kutoka Lindi na wilaya zake hurudi nazo. Kwa umbo ni mpakato, kwa tabia ni ya mezani, maana ukichomoa waya inazimika. Muuzaji atakuonyesha kioo, kumbukumbu, kasi, huku chaja imechomekwa muda wote. Mwambie: “Kaka, hebu chomoa waya tuone.” Kisha usikubali kuondoka baada ya dakika moja. Fungua video, ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho, kaa nusu saa ukiitazama asilimia ya chaji inavyoshuka. Ikishuka kutoka 100 hadi 40, kadiria bei ya betri mpya na umwombe aipunguze kwenye yake.