Mwanasesere wa Haydom: Historia ya Mafunzo ya Uigaji kwa Wakunga wa Mbulu na Hanang, 2009–2025

Mjadala wa kuingiza miwani ya uhalisia pepe katika mafunzo ya uuguzi huendeshwa mara nyingi kana kwamba kujifunzia kwa mgonjwa wa bandia ni jambo geni vijijini. Historia ya Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, inakanusha dhana hiyo. Hospitali hiyo, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kinorwei katika miaka ya 1950, huhudumia Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe, wakiwamo kina mama wa Hanang wanaofika kwa njia ya Basotu. Hapo ndipo swali gumu la taaluma hii lilipopimwa: je, mkunga anayefaulu mbele ya mwanasesere humwokoa mtoto halisi?

Chombo chenyewe kilikuwa duni kwa kukitazama. NeoNatalie, kilichotengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Stavanger, ni mwanasesere wa kujazwa maji ili apate uzito na ulegevu wa mtoto mchanga. Mkufunzi hubonyeza vipira vidogo, naye mwanasesere akalia, akapumua au kitovu chake kikapiga mapigo. Mkunga hujifunza kumkausha, kumsisimua na, asipopumua, kumpulizia hewa kwa mfuko na kinyago kabla dakika ya kwanza haijaisha. Dakika hiyo haikuwa ya nadharia tu. Kuanzia mwaka 2009 waangalizi waliofunzwa waliwekwa katika chumba cha kujifungulia usiku na mchana, wakiandika kwa saa ya kupimia kila hatua iliyochukuliwa. Kumbukumbu zao zilionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kumpulizia hewa mtoto asiyepumua ziliongeza hatari ya kifo au kulazwa kwa muda mrefu kwa asilimia 16 (Ersdal na wenzake, 2012).

Mwezi Aprili 2010 wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi saba baadaye, waliofaulu jaribio la kumfufua mwanasesere walikuwa asilimia 74, ilhali kabla ya mafunzo walikuwa asilimia 18 tu. Ripoti nyingi za mafunzo zingeishia hapo, na fedha za mwaka uliofuata zingeombwa kwa takwimu hiyo. Lakini waangalizi walikuwapo wodini, na madaftari yao yalisema jambo jingine: idadi ya watoto waliopuliziwa hewa haikubadilika, kusisimuliwa kwa watoto kulipungua, na vifo havikushuka (Ersdal na wenzake, 2013). Ujuzi ulikuwa umeingia mikononi, ukabaki katika chumba cha mafunzo. Kuchapishwa kwa matokeo hayo ni tendo la kitaaluma linalostahili heshima kuliko linavyopewa, kwa kuwa ndilo lililolazimisha mpango mzima kufikiriwa upya.

Kuanzia Februari 2011 mwanasesere alihamishiwa karibu na kitanda cha kujifungulia. Badala ya siku moja ndefu, wakunga walifanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000, na waliohitaji kupuliziwa hewa walipungua kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9, huku waliosisimuliwa wakiongezeka (Mduma na wenzake, 2015). Utafiti huo ulilinganisha kabla na baada katika hospitali moja, bila kundi la kulinganishia. Hivyo haufai kuchukuliwa kuwa ushahidi wa mwisho. Hata hivyo, mwelekeo wa takwimu hizo tatu unalingana: mtoto aliyesisimuliwa mapema hana haja kubwa ya mfuko na kinyago.

Kutokana na uzoefu huo ulijengeka mpango wa Safer Births, ambao baadaye ulifikishwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yalikadiria kwamba vifo vya kina mama katika vituo hivyo vilishuka kutoka 240 hadi 60 kwa kila 100,000. Humo pia mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini yalibaki kuwa nguzo.

Uhalisia pepe unakuja juu ya msingi huu. Una uwezo ambao mwanasesere hana, hasa wa kumwonyesha mwanafunzi tukio zima: mama anayevuja damu, ndugu wanaolia mlangoni, mwenzake aliyechelewa kuleta dawa. Lakini mkono uliovaa kidhibiti hauhisi kinyago kinachovujisha hewa shavuni mwa mtoto. Tena, miwani inayofungiwa kabatini katika maabara ya chuo na kutolewa mara moja kwa muhula hurudia mpangilio wa Aprili 2010, kwa gharama kubwa zaidi. Mtafiti atakayeipima Mbulu au Hanang kwa alama za mtihani pekee atakuwa amekusanya nusu ya data ambayo Haydom ilikwisha kuikusanya. Nusu ya pili ilipatikana wodini, usiku, kwa mtu aliyeshika saa.