Jongoo bustanini: Rafiki wa udongo, adui wa miche

MVUA za masika zinapoanza mwezi Machi, mkulima wa Ngoliba, mashariki mwa mji wa Thika, hukuta jongoo wametapakaa bustanini. Kabla ya kuwaangamiza, yafaa ajue wanakula nini.

Jongoo si mwindaji kama tandu. Tandu ana jozi moja ya miguu katika kila pingili na huuma kwa sumu. Jongoo ana jozi mbili katika pingili nyingi, wala haumi. Chakula chake hasa ni majani makavu, miti iliyooza na mabaki ya mimea, ambayo huyasaga na kuyarejesha ardhini yakiwa rutuba.

Mwili wake hupoteza maji upesi, ndiyo sababu mchana hujificha chini ya mawe na matandazo, akatoka usiku. Akiguswa hujiviringa na kutoa majimaji yanayonuka, yawezayo kuwasha ngozi na kudhuru macho.

Hata hivyo, mmea mchanga nao humvutia. Watafiti waliochunguza mashamba ya kaskazini mashariki mwa Uganda katika miaka ya 2000 walibaini kwamba hushambulia viazi vitamu na njugu zinazoota.

Mkulima basi asitupe matandazo. Ayasogeze mbali na mashina ya miche, anyunyize maji asubuhi badala ya jioni, na awaokote jongoo usiku kwa kijiti, awapeleke kwenye lundo la mboji. Huko watamtumikia bila ujira.