Ndege ya Kitabuni

Wenzangu mnaoshika kalamu, leo nina kisa cha mwandishi ambaye wasomaji wake walipanda kitabu chake wakaruka nacho.

Jamaa aliitwa Henri Mignet, Mfaransa. Mwaka 1933 alirusha kindege alichokiunda mwenyewe kwa mbao, kitambaa na injini ndogo ya pikipiki. Akakiita Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani. Mwaka 1934 akatoa kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kukiunda nyumbani. Basi, Ufaransa na Uingereza watu wakajifungia mabandani, msumeno mkono huu, kitabu mkono ule. Wakamaliza, wakaruka!

Halafu ndege zikaanza kuanguka, watu wakafa. Mwaka 1936 wataalamu wakaipima ndege hiyo mbele ya mashine za kuvumisha upepo. Kumbe ikiinama sana, mabawa yake mawili yaliyokaribiana yanavurugiana hewa. Rubani anavuta usukani, pua hainyanyuki. Kosa lilikuwa ndani ya mchoro wenyewe, hata fundi awe makini vipi. Nchi zote mbili zikazizuia.

Mignet hakutupa kalamu. Alirekebisha mchoro, akaendelea kubuni ndege hadi alipofariki mwaka 1965.

Mimi sijagusa hata tairi la ndege. Lakini siku hizi nikimaliza insha, siipeleki kwa mhariri usiku uleule. Naisoma tena asubuhi, nikijiuliza: je, yupo atakayepanda humu?