Mazungumzo ya moja kwa moja redioni: yanavyoendeshwa na haki ya msikilizaji

Mazungumzo ya moja kwa moja ni kipindi ambacho mtangazaji wa habari huzungumza na umma papo hapo, bila kurekodi kwanza. Huenda akawa studioni akipokea simu, au akatoka na kipaza sauti hadi uwanjani, wananchi wakauliza na viongozi wakajibu. Hapa Pwani, tangu stesheni za kibinafsi za FM zianze nchini miaka ya 1990, vipindi hivi vimekuwa baraza la pili la mji.

Nyuma ya mtangazaji

Msikilizaji husikia sauti moja, lakini kazi ni ya watu kadhaa. Mtayarishaji hupokea simu, huuliza jina, mtaa na swali, kisha ndipo humwingiza mtu hewani. Fundi husimamia mitambo. Baadhi ya stesheni huchelewesha sauti kwa sekunde chache ili tusi au uchochezi ukatwe kabla haujafika masikioni. Mtangazaji naye hafichiki nyuma ya mpigaji simu, kwa kuwa kazi yake huongozwa na kanuni za maadili chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013.

Mipaka ya maneno

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza. Hata hivyo, uhuru huo haufiki kwenye matamshi ya chuki wala kuchochea ghasia, na yakupasa kuheshimu haki na heshima ya wengine. Kumuuliza kiongozi pesa za umma zimekwenda wapi ni haki yako. Kumwita mwizi bila ushahidi ni jambo jengine.

Namna ya kuuliza

Muda hewani ni mchache. Ukiuliza "mbona hatuna maji?" utajibiwa kwa ahadi. Mombasa hutegemea maji ya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, yote nje ya kaunti. Basi taja mtaa wako, siku maji yalipokatika, kisha uliza ni bomba gani lenye hitilafu, nani analitengeneza na litakamilika lini. Mtangazaji hodari atarudia swali hilo mpaka lijibiwe.

Baada ya kipindi

Ahadi ni deni, lakini ahadi ya redioni si mkataba. Andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa. Kisha tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Raia anaweza kuomba taarifa kwa ofisi ya umma kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kutoa sababu. Asiyejua kuandika husaidiwa na ofisa wa ofisi hiyo. Jibu latakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 likihusu uhai au uhuru wa mtu. Ukinyimwa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Iwapo umesemwa vibaya hewani, Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kusahihishiwa habari za uongo zinazokuathiri. Anza kwa kuiandikia stesheni. Usiporidhika, peleka lalama kwa tume ya malalamiko iliyo chini ya Baraza la Vyombo vya Habari.