Si kila uvimbe ni saratani

Hata huku Magoma, Korogwe, ufizi ukiota kinyama chekundu, mtu hunong'ona: "Saratani hiyo." Polepole, jamani. Saratani ni neno la Kiarabu, maana yake kaa, huyuhuyu wa pwani. Wagiriki wa kale nao waliuita ugonjwa huu kaa. Neno uvimbe nalo latokana na kuvimba, basi. Halisemi kilichomo ndani. Kandokando ya jino la kupandikiza, lile la skrubu ya titani iliyokazwa kwenye taya, uchafu ukiganda huweza kuota kinyama laini, chepesi kutoka damu, ukadhani saratani kumbe siyo. Jicho halitoshi, hata la daktari. Hukatwa kipande kidogo, kikatazamwa kwa hadubini. Ukiona kinyama hicho, muone daktari wa meno kabla hujakipa jina.