Mgomba: kutoka porini hadi shambani

Ndizi ya dukani haina mbegu. Vidoa vyeusi vilivyo katikati ya nyama yake ni mabaki ya mbegu zisizokomaa. Mhenga wake mkuu, Musa acuminata, bado humea porini Kusini-Mashariki mwa Asia na Guinea Mpya. Tunda la mhenga huyo ni dogo, nyama yake haba, na limejaa mbegu ngumu za kuvunja jino. Katika kinamasi cha Kuk, Papua Guinea Mpya, kuna dalili za kilimo cha migomba cha takriban miaka 7,000 iliyopita.

Wakulima walipendelea migomba iliyozaa bila kuchavushwa. Baadaye machotara yalitokeza migomba yenye seti tatu za kromosomu badala ya mbili, hivyo kuwa karibu tasa. Spishi ya pili, Musa balbisiana, ilichangia damu yake katika aina za ndizi kama mkono wa tembo na bokoboko. Ndizi za matoke za Uganda na Kagera ni za ukoo wa acuminata peke yake.

Mgomba tasa hupandwa kwa machipukizi, na kila chipukizi ni nakala ya mama yake. Utamu haupotei, lakini maradhi yanayoua mgomba mmoja huweza kuua shamba zima. Ndivyo ugonjwa wa Panama, unaosababishwa na kuvu wa udongoni, ulivyoiondoa aina ya ndizi iitwayo Gros Michel katika biashara ya kimataifa katikati ya karne ya 20, ikaingia aina ya Cavendish. Aina nyingine ya kuvu huyo, TR4, inayoishambulia Cavendish nayo, iliripotiwa Msumbiji mwaka 2013.